Kutoka Kariakoo hadi Karimjee: jinsi ya kupanga ziara ya miguu yenye mada moja Dar es Salaam

Mgeni akishuka Posta na kuomba aonyeshwe mji, waongozaji wengi tunajua pa kumpeleka: Kanisa la Mtakatifu Yosefu, Boma la Kale, soko la samaki la Feri, Makumbusho ya Taifa, na siku ikiruhusu, vinyago vya Mwenge. Mzunguko huo una faida yake, na umelisha familia nyingi. Lakini kila kituo kinajitegemea. Ukikiruka kimoja, hakuna atakayegundua. Katika ziara yenye mada, kituo kikiondolewa hadithi inachechemea.

Nitaeleza ninavyoipanga ziara ya namna hiyo kwa kutumia njia moja, ile ya harakati za uhuru. Urefu wake ni kama kilomita tatu, na kwa mwendo wa kusimama-simama inachukua saa mbili na nusu hadi tatu.

Hatua ya 1: Geuza mada iwe swali

"Historia ya uhuru" ni kubwa mno kuwa mada. Ukianza nayo hivyo hivyo utajikuta unataja kila kitu kilichotokea kati ya mwaka 1885 na 1964, na mgeni ataanza kuangalia simu kabla hamjafika kona ya pili.

Tafuta swali moja ambalo miguu inaweza kulijibu. Langu ni hili: mkazi wa kawaida wa Dar es Salaam, asiye na cheo wala kura, aliusogezaje uhuru kutoka uswahilini hadi kwenye meza ya mazungumzo?

Faida ya swali ni kwamba linakusaidia kukata. Jengo la Soko la Kariakoo lina habari tamu: limesanifiwa na Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, paa lake la miavuli ya zege lilitengenezwa likinge maji ya mvua, na Julai 2021 likaungua. Ninaipenda habari hiyo. Katika ziara hii siisemi, isipokuwa mtu akiuliza, na hapo najibu kwa sentensi mbili tukiwa tunatembea. Siku nikiongoza ziara ya usanifu, Amuli ndiye atakuwa mfalme wa asubuhi nzima.

Andika swali lako juu ya karatasi. Chini yake orodhesha kila unachokijua kuhusu eneo, kisha ufute chochote kisichojibu swali. Itauma, kwa sababu utafuta mambo uliyoyatafuta kwa jasho.

Hatua ya 2: Chora njia inayoeleza jambo hata ukinyamaza

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi wanapopapita haraka.

Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, wakaanza kuugawa mji kwa aina ya majengo yaliyoruhusiwa kila upande. Waingereza walioingia Septemba 1916 wakaurithi mgawanyo huo na kuukaza: Uzunguni upande wa bahari na bustani, Uhindini katikati, Uswahilini Kariakoo. Viwanja vya Mnazi Mmoja viliachwa wazi kati ya Uhindini na Uswahilini, na uwazi ule haukuachwa kwa ajili ya kupunga upepo tu.

Sasa tazama ramani. Ukianzia Kariakoo, ukavuka Mnazi Mmoja, ukapita Uhindini na kumalizia Ukumbi wa Karimjee, miguu ya wageni wako inavuka mipaka yote ya mji wa kikoloni, mmoja baada ya mwingine. Hujasema neno, lakini barabara zinapanuka, miti inaongezeka, nyumba zinaachiana nafasi. Ukiuliza tu, "Mmeona nini kimebadilika?" watajibu wenyewe. Ukianzia Karimjee kuelekea Kariakoo utakuwa na vituo vilevile na hadithi iliyopinduka miguu juu.

Bahati nzuri jua nalo linakubaliana na mwelekeo huu. Kariakoo saa 1:00 asubuhi inapitika, kwani maduka mengi yanafunguliwa na mikokoteni bado haijajaa. Saa 4:00 jua likianza kukaza mko Samora, upande wenye kivuli, na mnamalizia kwenye Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, ambako kuna miti mikubwa, na Makumbusho ya Taifa yako jirani kwa anayehitaji choo. Usipange njia ambayo kilomita yake ya mwisho haina kivuli.

Hatua ya 3: Kipe kila kituo kazi moja

Vituo sita au saba vinatosha. Hivi ndivyo vyangu.

Kariakoo. Anza na wapagazi. Baada ya Waingereza kuuteka mji, eneo hili lilikuwa kambi ya kikosi cha wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na jina la kikosi ndilo lililobaki hapa hadi leo. Makumi ya maelfu ya Waafrika walikufa katika kazi ya kubeba mizigo ya vita ile, wengi kwa maradhi na njaa. Usimalize habari yao hapa. Sema tu kwamba mtakutana nao tena, kisha ondokeni.

Mtaa wa Lumumba. Zamani uliitwa New Street. Hapa palikuwa na ofisi ya chama cha Waafrika, TAA, na hapa ndipo waasisi 17 walipoanzisha TANU tarehe 7 Julai 1954. Leo ni ofisi ndogo ya CCM. Simama ng'ambo ya barabara. Piga picha kwa ruhusa. Kituo hiki kinamvuta mwongozaji kutaja majina yote kumi na saba. Usifanye hivyo. Mtaje Abdulwahid Sykes, aliyekuwa kiongozi wa TAA kabla ya Nyerere, kisha nenda kwa Bibi Titi Mohamed: mwanamke wa mjini, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, aliyeingia TANU na kuwaleta wanawake kwa kupitia vikundi hivyo hivyo vya ngoma. Hili linajibu swali letu kuliko hotuba yoyote. Chama kilikuwa hakina magari wala redio, lakini wanawake walishakuwa na mtandao wao, wanaalikana, wanachangishana, wanajuana nyumba kwa nyumba.

Mnazi Mmoja. Ingieni viwanjani, kando ya barabara iliyopewa jina la Bibi Titi. Hapa ongea kidogo. Waonyeshe Mnara wa Mwenge, kisha waache wageuke nyuma watazame Kariakoo na wageuke mbele watazame mjini. Dakika tatu zinatosha.

Mnara wa Saa. Ulijengwa kuadhimisha Dar es Salaam kuwa jiji mwaka 1961, lakini mimi nautumia kwa jambo lililotokea miaka kumi na minne kabla. Hapa mko karibu na stesheni ya reli na barabara ya bandarini. Septemba 1947 makuli wa bandari waligoma, na mgomo ukapanda reli ya kati ukaingia bara. Najua, tumetoka 1954 tukarudi 1947. Mji haukujengwa kwa kufuata kalenda, na usijaribu kuwazungusha watu juani ili miaka ikae sawa. Sema waziwazi: "Turudi nyuma miaka saba." Mgeni hachanganyikiwi na mwaka kurudi nyuma, anachanganyikiwa asipoambiwa.

Uhindini. Badala ya kushika Samora moja kwa moja, ingia mitaa ya nyuma kama Mtaa wa India, ambako bado utaona maghorofa ya zamani yenye roshani na mwaka wa ujenzi juu ya mlango. Hapa elezea kura tatu. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU ilibishana vikali Tabora, Januari 1958, kabla ya kukubali kushiriki, na ikashinda kwa kuunga mkono hata wagombea Waasia na Wazungu waliokuwa upande wake. Amir Jamal, aliyekuja kuwa waziri wa fedha, aliingia bungeni kwa njia hiyo. Ninachofanya: nawapa wageni vikaratasi vitatu kila mmoja na kuwapigisha kura papo hapo, kwa majina ya kubuni. Wanalalamika. Ndicho ninachokitaka.

Sanamu ya Askari. Mpo Samora, barabara iliyoitwa Acacia Avenue, kisha Independence Avenue, na sasa ina jina la Samora Machel wa Msumbiji, ambaye chama chake, FRELIMO, kiliundwa katika mji huu huu Juni 1962. Sanamu yenyewe ilizinduliwa mwaka 1927, mahali ilipokuwa imesimama sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann. Waombe wasome maandishi ya Kiswahili chini yake: wapagazi wametajwa, kwamba walikuwa miguu na mikono ya majeshi. Kisha waulize yuko wapi mpagazi juu ya ile nguzo. Aliyesimama ni askari na bunduki yake. Nyamaza hapo, hesabu hadi kumi kimoyomoyo, acha waongee wao.

Karimjee. Machi 1961 mkutano wa katiba ulifanyika katika ukumbi huu, Waingereza na viongozi wa Tanganyika meza moja, na tarehe ya uhuru ikapangwa. Awali ilikuwa 28 Desemba. Ikaja kurudishwa nyuma hadi tarehe 9. Malizia bustanini, si mlangoni mwa ukumbi, maana walinzi wana kazi yao.

Hatua ya 4: Pepeta habari zako

Kila sentensi utakayoisema iwe katika moja ya mafungu mawili: iliyoandikwa mahali unapoweza kupataja, au iliyosimuliwa na mzee unayemjua. La kwanza liseme kama jambo la hakika. La pili liseme kama simulizi: "Wazee wa mtaa huu wanasema." Lisilo katika mafungu hayo liache, hata kama linachekesha. Nyaraka za Taifa ziko Upanga, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu nzima ya mambo ya Afrika Mashariki. Omba kibali, kaa chini, soma. Na ujue kwamba katika kundi lolote la Watanzania kumi, mmoja ana babu aliyekuwepo. Mwache aseme, mara nyingi anajua jambo ambalo halimo kwenye makaratasi.

Hatua ya 5: Itembee mwenyewe, siku ile ile na saa ile ile

Njia ya Jumapili si njia ya Jumatatu. Jumapili asubuhi mjini kumetulia na unasikika vizuri, ila nusu ya Kariakoo imelala. Ijumaa mchana usipange kusimama karibu na misikiti. Mwezi wa Ramadhani anza mapema zaidi na usiweke kituo cha chai barabarani. Machi hadi Mei ni masika, kwa hiyo jua ni kona zipi zinajaa maji.

Ukitembea, andika vitu vitatu kwa kila kituo: watu kumi na wawili watasimama wapi bila kuziba njia, kelele inatoka upande gani, na jua linapiga wapi. Kanuni ni kwamba jua limpige mwongozaji usoni, wageni waligeuzie mgongo. Ongea na mwenye duka ambaye mtasimama mbele yake. Mnunulie maji, mfahamishe kwamba mtakuwa mnakuja. Kwa chai na vitumbua, chagua mama ntilie mmoja na umwambie idadi jana yake.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Watu wasizidi kumi na wawili. Zaidi ya hapo utapiga kelele badala ya kusimulia. Wahesabu kila mkivuka barabara, hasa njia za mwendokasi, kwani mabasi yale yanakuja kasi na wageni wamezoea kutazama upande mmoja. Simu na pochi ziwe mbele Kariakoo. Kamera zifungwe karibu na Ikulu, bandari, polisi na askari yeyote. Nyuso za watu zisipigwe picha bila kuombwa, na ombi alifanye mgeni mwenyewe kwa Kiswahili chake kibovu, maana ndilo linalokubaliwa.

Usiongee mkiwa mnatembea, isipokuwa mazungumzo ya kawaida. Habari ya mada isemwe mkiwa mmesimama, dakika tano hadi saba. Ukiona watu wanahamisha uzito wa mwili mguu hadi mguu, umepitiliza.

Hatua ya 7: Leseni na bei

Kuongoza watalii kwa malipo kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, kwa hiyo ipate kabla ya kuweka tangazo. Bei iwe kwa kichwa, na ndani yake tayari iwe chai, maji na kiingilio chochote, ili asiombwe mtu hela njiani. Weka bei ya mwananchi na ya mgeni wa nje, zote mbili hadharani. Shule nazitoza kidogo sana, tena siku za katikati ya wiki, kwa sababu wanafunzi wakirudi nyumbani ndio wanaoleta wazazi Jumapili.