Kumwombea mtahiniwa wa Lamu au Malindi kibali cha ulemavu kwenye SAT

Mtahiniwa mwenye uoni hafifu, disleksia, kisukari au mkono usioshika kalamu anaweza kufanya SAT, mtihani wa kuombea nafasi kwenye vyuo vikuu vya Marekani, kwa utaratibu unaomfaa. Msimamizi wa chumba hana mamlaka ya kuutoa, hata ulemavu ukionekana wazi. Kibali hutoka College Board, shirika linaloutoa mtihani huu kule Marekani, kwenye kitengo chake cha huduma kwa wanafunzi wenye ulemavu (SSD), na ukaguzi huweza kuchukua wiki 7 tangu karatasi zikamilike. Zikiwa na pengo utaulizwa, utajibu, na wiki zitahesabiwa upya. Kwa hiyo anza angalau miezi 4 kabla ya tarehe ya mtihani.

Njia nyepesi ni kupitia shule. Mwalimu mmoja anajiandikisha kuwa mratibu wa SSD na kupeleka ombi mtandaoni. Shule iwe na namba yake ya College Board yenye tarakimu 6. Mzazi anatia sahihi fomu ya ridhaa, nayo hubaki kwenye faili la shule. Kama shuleni hakuna aliye tayari kuwa mratibu, familia inaweza kuomba yenyewe kwa fomu ya karatasi.

Maombi mengi hukwama kwenye ripoti ya daktari. Barua isemayo "mwanafunzi huyu ana tatizo la macho, naomba asaidiwe" haimwambii mkaguzi lolote. Anachotaka kujua ni tatizo limepimwaje, na nani mwenye sifa gani, limeanza lini, na linamzuia vipi kusoma au kuandika kwa muda uliowekwa. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ina kazi zake nyingi, ila haielezi mtoto anasoma mistari mingapi kabla macho hayajachoka. Iambatishe, usiitegemee.

Kwa macho, omba ripoti itaje uwezo wa kuona karibu na mbali, kwa miwani na bila miwani, na ukubwa wa herufi anazozisoma bila taabu. Ripoti hii isizidi miaka 2. Ya disleksia na matatizo mengine ya kujifunza isizidi 5. Ya maradhi ya mwili au ya akili iwe na taarifa mpya ndani ya miezi 12. Anayeomba muda wa ziada kwa sababu ya kusoma polepole anahitaji alama za majaribio ya kusoma kwa muda uliopimwa, na hapo ndipo penye gharama: daktari wa macho hupatikana kwa urahisi kuliko mwanasaikolojia wa elimu, na huenda mkalazimika kwenda Mombasa au Nairobi. Kabla ya kulipa nauli, piga simu uulize kama ripoti yao hutoa alama kwa tarakimu. Wakisema watakuandikia barua tu, tafuta kwingine.

Ongeza ushahidi wa shule: msaada anaoupata darasani na kwenye mitihani, na maelezo ya walimu. Mtoto ambaye hajawahi kupewa dakika moja ya ziada shuleni ataulizwa kwa nini aihitaji sasa, basi shule ianze kumpa mapema na iweke kumbukumbu. Karatasi zote ziwe kwa Kiingereza, pamoja na maelezo ya mzazi.

Taja kila unachokihitaji kwa jina lake. Muda wa kawaida wa mtihani ni saa 2 na dakika 14, yaani dakika 64 za kusoma na kuandika na 70 za hesabu. Ukiongezwa asilimia 50 unakuwa saa 3 na dakika 21, na asilimia 100 hutolewa kwa wenye uhitaji mkubwa zaidi. Usiombe kingi ukidhani watakupunguzia: anayeongezewa muda hukaa mpaka saa ya kila sehemu iishe, hata akiwa amemaliza, na mtoto anayechoka haraka huumia. Huyo huenda akafaidika zaidi na mapumziko ya ziada. Mwenye kisukari aombe ruhusa ya kupima sukari na kula nje ya mapumziko. Kusomewa na kompyuta, nukta nundu na mtu wa kumwandikia pia huombwa. Kukuza maandishi kwenye Bluebook, programu ya kompyuta ambayo mtihani hufanyiwa, hakuhitaji kibali, maana kila mtahiniwa anaweza kuyakuza.

Wakikataa, soma barua yao kwa utulivu, husema kilichopungua. Peleka hicho kilichopungua, si bahasha ileile. Ukaguzi wa pili nao huweza kuchukua wiki 7.

Kibali kikitoka utapewa namba ya SSD. Itumie unapojiandikisha kwa mtihani, na majina yafanane herufi kwa herufi na yaliyo kwenye ombi. Mohamed wa cheti akiwa Muhammad wa pasipoti, kibali huweza kupotelea njiani. Kisha fungua tiketi ya kuingilia: kibali lazima kionekane hapo. Kisipoonekana, wasiliana na SSD kabla ya siku ya mtihani, kwa sababu kutumia msaada usioidhinishwa huweza kufuta matokeo. Baadhi ya vibali humfanya mtahiniwa afanyie mtihani shuleni kwake badala ya kituoni, kwa hiyo usikate tiketi ya basi wala kupanga boti ya Mokowe mpaka umejua mahali.