Jinsi ya Kuifuatilia Timu ya Taifa ya Palestina katika Soka la Asia

Anayetaka kuifuatilia timu ya taifa ya Palestina kwa dhati, awe shabiki au mwandishi wa habari za michezo, asome mambo mawili kabla hajatazama matokeo: orodha ya wachezaji walioitwa kambini na mji utakaochezewa mechi. Matokeo ya timu hii hayaeleweki bila hayo mawili, na wengi wanaoihukumu kwa idadi ya mabao peke yake huikosea haki.

Kwanza, tenganisha kumbukumbu. Timu iliyoitwa Palestina iliyocheza na Misri katika mchujo wa Kombe la Dunia la 1934 ilikuwa ya enzi ya utawala wa Waingereza, na rekodi zake huhesabiwa upande wa Israel, ambayo baadaye ilitwaa Kombe la Asia la 1964 na leo hucheza Ulaya. Palestina ya sasa ilipokewa na FIFA mwaka 1998, na mwaka uliofuata ikatwaa medali ya shaba katika Michezo ya Kiarabu nchini Jordan. Takwimu zako zianzie hapo.

Orodha ya wachezaji ndiyo inayohitaji subira zaidi. Uisome kwa kujiuliza kila mchezaji ametoka wapi, kwa kuwa asili yake ndiyo inayoamua hati anayosafiria, mpaka anaoweza kuuvuka na wakati atakaofika kambini. Wapo wa Ukingo wa Magharibi na Jerusalem, kama nahodha Musab Al-Battat na mshambuliaji Oday Dabbagh, aliyepitia Ureno, Ubelgiji na Uskoti kabla ya kwenda Zamalek ya Misri. Wapo wa Gaza, kama beki Mohammed Saleh na mshambuliaji Mahmoud Wadi. Wapo Wapalestina waliozaliwa ndani ya Israel, kama kiungo Ataa Jaber. Kisha wapo watoto wa wahamiaji: Wessam Abou Ali alizaliwa Denmark, na mashabiki wa Afrika wanamkumbuka akiwa Al Ahly, hasa kwa mabao matatu aliyoifunga Porto katika Kombe la Dunia la Klabu la 2025. Chile nayo ina jamii kubwa ya Wapalestina na klabu yao ya Palestino, iliyoanzishwa mwaka 1920, na kwa miaka mingi timu ya taifa imechota wachezaji huko.

Jina lisipoonekana kwenye orodha, usiharakishe kuandika kwamba mchezaji ameachwa kwa sababu ya kiwango. Mwaka 2007 Palestina ilishindwa kwenda Singapore kwa mechi ya marudiano ya mchujo wa Kombe la Dunia kwa sababu wachezaji wa Gaza hawakuruhusiwa kutoka, na FIFA ikawapa wenyeji ushindi wa 3-0. Tangu Oktoba 2023 ligi zilisimama, na waliokuwa wakicheza nyumbani wakalazimika kutafuta klabu nje au kufanya mazoezi bila mechi. Vifo pia vimeifikia timu. Hani Al-Masdar, kocha wa kikosi cha Olimpiki, aliuawa Gaza Januari 2024. Na Agosti 2025 aliuawa Suleiman Al-Obeid, mshambuliaji wa zamani wa timu ya taifa aliyeitwa Pele wa Palestina, akiwa anasubiri msaada kusini mwa Gaza, kwa mujibu wa shirikisho lao. Mwandishi anayeitangaza timu hii awataje kwa majina, maana ni sehemu ya historia yake.

Ukishaijua orodha, tazama uwanja. Palestina ilicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa nyumbani Oktoba 2008, katika Uwanja wa Faisal Al-Husseini ulioko Al-Ram, mji wa Ukingo wa Magharibi karibu na Jerusalem, ikatoka sare ya 1-1 na Jordan. Katika uwanja huohuo, mwaka 2019, iliifunga Uzbekistan 2-0 na kutoka suluhu na Saudi Arabia. Katika mchujo wa Kombe la Dunia la 2026, hata hivyo, mechi zilizoandikwa kuwa za nyumbani zilichezwa Kuwait, Doha, Kuala Lumpur na Amman. Kwa hiyo unapokutana na takwimu za nyumbani na ugenini za miaka hiyo, zihesabu zote kuwa za ugenini.

Ni kwa kipimo hicho suluhu ya Seoul dhidi ya Korea Kusini, Septemba 2024, katika raundi ya tatu ya mchujo huo, inastahili kuhesabiwa miongoni mwa matokeo makubwa kabisa ya timu hii, pamoja na ubingwa wa 2014 wa AFC Challenge Cup, mashindano ya Asia ya timu zinazochipukia, uliopatikana kwa kuifunga Ufilipino 1-0. Baadaye Palestina ikatoka sare ya 1-1 na Korea hiyohiyo, ikaifunga Iraq 2-1, na ikafika mechi ya mwisho, Juni 2025, ikihitaji kuishinda Oman ili iendelee. Iliongoza hadi dakika za nyongeza, Oman ikasawazisha kwa penalti, na kundi likafungwa Oman ikiwa na pointi 11, Palestina 10.

Kufika raundi hiyo ya tatu kulikuwa kumeshaipa nafasi katika Kombe la Asia la 2027 nchini Saudi Arabia. Unapopiga hesabu za makundi, kumbuka kwamba timu ni 24, na washika nafasi ya tatu wanne walio bora husonga mbele. Mwaka 2019 Palestina ilipata pointi mbili ikatoka. Mwaka 2024 ilipata nne, ikaingia hatua ya mtoano, na huko ikatangulia kuifunga Qatar kabla ya kupoteza 2-1. Pointi nne, basi, ndizo za kuzitazamia. Saa za Riyadh ni sawa na za Nairobi na Dar es Salaam, hivyo ratiba utaisoma kama ilivyoandikwa.