Kupima macho Marekani: toa kadi ipi kaunta?

Wengi wanaofanya kazi Marekani wana kadi mbili, ya bima ya afya na ya bima ya macho, lakini wakifika kaunta hutoa moja tu. Chukua zote mbili. Kadi itakayolipa inategemea sababu iliyokupeleka.

Bima ya macho, kama VSP au EyeMed, hulipia kipimo cha kawaida na miwani. Bima ya afya hulipia ugonjwa: jicho jekundu, kitu kilichoingia jichoni, kisukari, presha ya macho, mtoto wa jicho. Kwa hiyo, unapopiga simu kuomba miadi, eleza shida yako wazi. Ukianza ghafla kuona vidoa vyeusi vinaelea, au mwanga unamulika pembeni, usisubiri miadi ya mwezi ujao. Retina, utando wa nyuma ndani ya jicho, inaweza kuwa inabanduka, na unatakiwa kuonwa siku hiyohiyo.

Bili za kushangaza huanzia hapa: umeenda kupimwa miwani, daktari akakuta dalili za ugonjwa, bili ikapelekwa bima ya afya. Kama bado hujamaliza kiasi cha mwanzo ambacho lazima ulipe mwenyewe kila mwaka, gharama yote inakuangukia. Kabla ya kuingia chumbani, uliza: "Mtaidai bima ipi, na mimi nitalipa kiasi gani?" Daktari akitaka kuongeza kipimo, uliza tena.

Kabla ya miadi, piga namba iliyo nyuma ya kadi ya macho. Uliza kama ofisi unayokwenda imo kwenye orodha ya ofisi wanazoshirikiana nazo, kiasi wanachotoa kwa fremu, na tarehe unayoruhusiwa kupima tena. Baadhi ya mipango huhesabu miezi 12 kamili tangu kipimo kilichopita, kwa hiyo ukiwahi hata kwa wiki moja, unajilipia. Fremu mara nyingi hutolewa kila baada ya miezi 24.

Omba mkalimani siku ileile unayopiga simu kuomba miadi. Kliniki inayopokea Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, inapaswa kukupa mkalimani bila malipo. Ukizungumza Kiswahili cha Kongo, sema hivyo. Mtoto wako asifanye kazi hiyo. Kwenye upimaji wa lenzi utaulizwa mfululizo "ya kwanza au ya pili?", na jibu likitafsiriwa vibaya unapata miwani mibaya.

Medicaid hulipia vipimo vya macho na miwani kwa walio chini ya miaka 21. Kwa watu wazima, kila jimbo lina utaratibu wake. Medicare ya kawaida, bima ya serikali hasa kwa wenye miaka 65 na zaidi, hailipii kipimo cha miwani, ila hulipia ukaguzi wa retina kila mwaka kwa mwenye kisukari, kipimo cha presha ya macho kila miezi 12 kwa walio hatarini (wakiwemo Wamarekani weusi wa miaka 50 na zaidi), na miwani moja baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho unaowekewa lenzi.

Chumbani utasoma herufi ukutani. 20/20 ya hapa ndiyo 6/6 ya Afrika Mashariki. Presha ya jicho kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21, ingawa mtu anaweza kuwa na ugonjwa hata ikiwa humo. Halafu huja matone ya kupanua mboni. Kwa saa 4 hadi 6 maandishi ya karibu yatakuwa na ukungu na jua litakuumiza, kwa hiyo nenda na miwani ya jua na mtu wa kuendesha gari. Ofisi nyingi hukupa chaguo la picha ya retina badala ya matone, na mara nyingi picha hiyo unalipia mwenyewe. Mwenye kisukari asikimbie matone.

Ukimaliza, lazima upewe cheti cha miwani bila kukiomba na bila kulipia zaidi. Ni kanuni ya serikali kuu. Huna wajibu wa kununua miwani hapohapo. Omba pia kipimo cha umbali kati ya mboni mbili, maana mara nyingi hakiandikwi, na bila hicho kuagiza miwani mtandaoni ni kubahatisha.

Ukibaki dukani, piga hesabu kabla ya kupenda fremu. Tuseme fremu ni dola 210 na bima inatoa 150: zinabaki 60. Mipango mingi hupunguza asilimia 20 ya kilichozidi, kwa hiyo unalipa 48. Kinachomaliza pesa hasa ni nyongeza za lenzi: kuzuia mng'ao, kubadilika rangi juani, lenzi za kuona mbali na karibu kwa pamoja. Dai bei ya kila moja kwa maandishi, na ukatae usiyohitaji.

Lenzi za mbali na karibu huzoeleka ndani ya wiki moja au mbili. Kizunguzungu kikiendelea, rudi na miwani pamoja na cheti, kabla muda wa kubadilisha bure haujaisha. Muda huo uulize siku ya kulipa.