Jinsi ya kumwombea marehemu wako rehema kamili, Novemba 1 hadi 8

Kila mwaka Oktoba inapoelekea ukingoni, waamini ninaowafundisha huniuliza swali lilelile: "Katekista, nifanye nini hasa ili marehemu wangu apate rehema?" Wamesikia tangazo baada ya Misa, limesomwa haraka, wamebaki na vipande vipande: kwenda makaburini, kuungama, kumwombea Papa. Wengine walijaribu, wakasahau sharti moja, wakaacha. Huu ndio utaratibu ninaoufuata mimi mwenyewe, pamoja na sababu zake, maana mtu anayejua sababu hasahau hatua.

Kwanza tuelewane tunaomba nini. Tunawaombea walioko toharani, yaani katika hali ya kutakaswa baada ya kifo. Toharani si jehanamu ndogo, wala si nafasi ya pili kwa aliyemkataa Mungu hadi pumzi ya mwisho. Walioko huko wamekufa katika neema na urafiki wa Mungu. Wokovu wao hauna shaka tena. Wanatakaswa ili waweze kumwona Mungu uso kwa uso. Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Firenze mwaka 1439 na ule wa Trento mwaka 1563 uliliweka jambo hili wazi, lakini desturi ya kuwaombea wafu ni ya zamani kuliko mitaguso hiyo. Soma sura ya 12 ya Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, uone Yuda Makabayo anavyochangisha fedha ili sadaka itolewe kwa ajili ya askari wake waliokufa.

Sasa, kama dhambi imesamehewa, kimebaki nini cha kutakaswa? Hapo ndipo wengi hukwama. Nikiwa kijana nilimsingizia mwenzangu wa kwaya kwamba amekula michango. Niliungama. Nilimwendea nikamwomba radhi, naye akanisamehe kwa moyo mweupe. Lakini maneno yalikuwa yameshatembea. Miezi mingi baadaye, kila aliposhika bahasha ya michango, kulikuwa na mtu pembeni anayehesabu upya, nami nilikuwa nimesimama palepale nikiona. Na ulimi wangu wenyewe ulikuwa bado unawasha kila jina la mtu lilipotajwa. Kosa lilifutwa, ila madhara yake na ule mwelekeo mbaya ndani yangu vilibaki vikidai kunyooshwa. Hicho ndicho Kanisa linachokiita adhabu za muda. Rehema ni kuondolewa adhabu hizo mbele ya Mungu, kwa stahili za Kristo na za watakatifu wake, na tunaweza kuwaombea marehemu waipate. Ikiondoa adhabu zote ni rehema kamili, ikiondoa sehemu tu ni isiyo kamili.

Hatua ya 1: Andika majina

Chukua daftari dogo mwishoni mwa Oktoba. Andika wazazi, babu na bibi, ndugu, rafiki, mwalimu aliyekufundisha Baba Yetu, na yule mliyekosana naye akafa kabla hamjapatana. Huyo wa mwisho usimruke.

Kuna mama mmoja aliyenijia akiwa amekunja karatasi mkononi. Alikuwa ameandika majina saba, la nane akalifuta, akaliandika tena, akalifuta mpaka karatasi ikatoboka. Lilikuwa la mwanawe aliyejitoa uhai. Aliniuliza kama inaruhusiwa. Inaruhusiwa, mama. Katekisimu, namba 2283, inafundisha kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa milele wa watu waliojiua. Mungu anaweza, kwa njia anazozijua mwenyewe, kuwapa nafasi ya kutubu, na Kanisa linawaombea. Tuliliandika jina lile pamoja, likawa la kwanza kwenye karatasi mpya.

Mtoto aliyebatizwa akafa kabla ya kufikia umri wa kupambanua mema na mabaya hahitaji kuombewa rehema, yuko mbinguni. Na walio hai usiwaandike: rehema unaweza kuipata kwa ajili yako au kwa ajili ya marehemu, si kwa ajili ya mtu mwingine aliye hai.

Hatua ya 2: Ungama mapema

Usisubiri Novemba 1, siku ambayo padre ana Misa na foleni ni ndefu. Idara ya Toba ya Kitume, ofisi ya Vatikano inayoshughulikia rehema, ilieleza mwaka 2000 kwamba kitubio kinaweza kufanyika ndani ya takriban siku 20 kabla au baada ya tendo lenyewe, ambalo hapa ni kutembelea makaburi (hatua ya 5). Kwa hiyo aliyeungama wiki ya mwisho ya Oktoba, akadumu katika neema, kitubio hicho kimoja kinamtosha kwa siku zote nane. Akianguka katika dhambi ya mauti katikati, aungame tena, maana ili kupata rehema lazima uwe katika hali ya neema, angalau unapomaliza tendo la mwisho.

Ukipenda kujiandaa kwa novena (sala za siku tisa) ya marehemu, ianze Oktoba 24, itamalizika Novemba 1.

Hatua ya 3: Uachane na dhambi, hata ile ndogo

Hili ndilo sharti ambalo matangazo hulipitia kwa sentensi moja, na ndilo zito kuliko yote. Ili rehema iwe kamili, moyo usishikamane na dhambi yoyote, hata dhambi nyepesi. Kwenda makaburini ni miguu tu. Hapa ndipo vita vya kiroho vilipo, vile ambavyo Mtume Paulo anaviandika katika Waefeso sura ya 6, na adui anakuja kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza anakuambia: hiyo ni ndogo, iache ilivyo. Kausengenyo kadogo, kinyongo na shemeji, uongo mdogo wa kazini. Hakuombi uitende leo. Anachotaka ni uiwekee akiba tu, uwe na kakona kamoja moyoni ambako Mungu haingii. Mlango wa pili anageuza wimbo: wewe huwezi kamwe kuwa na moyo safi namna hiyo, basi usijisumbue. Nimewaona watu wema sana wakishindwa kwa mlango huu wa pili.

Jibu ni kuelewa sharti linasema nini. Kutoshikamana na dhambi si kutokuwa na udhaifu, wala si kuhakikisha kwamba hutaanguka tena. Maana yake hakuna dhambi ambayo unaijua, na unakataa kwa makusudi kuiacha. Mtu mwenye hasira za haraka, anayezichukia na kupambana nazo, hajashikamana nazo. Anayesema "yule simsamehei ng'o" ameshikamana.

Ninachofanya ni hiki. Jioni ya Oktoba 31 nakaa na lile daftari, naweka msalaba mezani, namwomba Roho Mtakatifu anionyeshe kitu kimoja. Kimoja tu, ukianza kutafuta vyote utachoka na kujitazama mwenyewe badala ya kumtazama Yesu. Nikishakiona nakitaja kwa jina lake: "Bwana, kinyongo hiki nakiacha. Sikihisi kuondoka, lakini nakiacha." Kisha nafanya jambo moja la kukithibitisha. Mwaka mmoja ilikuwa ni kumpigia simu mtu niliyekuwa nimemkwepa kwa muda mrefu. Sala yangu kwa marehemu siku ile ilikuwa na uzito ambao sikuwahi kuujua. Kumpenda aliyekufa kulinilazimisha nipatane na aliye hai.

Na kama moyo haujafika huko? Endelea vilevile. Sharti lisipotimia kikamilifu, rehema inakuwa isiyo kamili, lakini sala yako haijapotea.

Hatua ya 4: Misa na Komunyo

Kila rehema kamili inahitaji Komunyo yake. Kitubio kimoja kinatosha kwa rehema kadhaa, ila Komunyo na sala kwa nia za Baba Mtakatifu, yaani mambo ambayo Papa anayaombea, ni mpya kwa kila moja. Inafaa vifanyike siku ileile ya tendo. Panga ratiba yako mapema kufuatana na saa za Misa parokiani kwako.

Ukiweza, omba pia nia ya Misa kwa marehemu wako, yaani padre aadhimishe Misa kwa ajili yake. Misa ni kubwa kuliko rehema yoyote. Mtakatifu Monika alipokuwa akifa Ostia mwaka 387, hakujali azikwe wapi. Alichowaomba wanawe ni kwamba wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Usione haya kama huna sadaka ya kutoa: sheria ya Kanisa, kanuni ya 945, inawahimiza mapadre waadhimishe kwa nia za waamini, hasa wahitaji, hata bila sadaka.

Hatua ya 5: Nenda makaburini

Kuanzia Novemba 1 hadi 8, anayetembelea makaburi kwa ibada na kuwaombea marehemu, hata kimoyomoyo, anaweza kupata rehema kamili kwa ajili ya marehemu tu. Siku nyingine za mwaka, tendo hilohilo lina rehema isiyo kamili. Ni moja tu kwa siku. Siku nane, marehemu wanane. Si lazima uende alikozikwa ndugu yako. Makaburi yoyote yanatosha.

Ukifika, usikimbilie vitabu. Futa vumbi kwenye jina, ng'oa majani. Fanya ishara ya msalaba, nyunyiza maji ya baraka kama unayo. Taja jina kwa sauti. Sali Zaburi ya 130, ile ya kulia toka vilindini, au fungu moja la Rozari, ukimalizia: "Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie, apumzike kwa amani. Amina." Halafu kaa kimya kidogo.

Usiende kumwuliza marehemu habari wala kumwomba ishara. Kumbukumbu la Torati 18 linakataza kutafuta habari kwa wafu, na Kanisa linalishika hilo bila kulegeza. Ukimwota, mwombee, usihangaike na tafsiri. Yuko mikononi mwa Mungu.

Hatua ya 6: Nia za Baba Mtakatifu

Baba Yetu moja na Salamu Maria moja vinatosha, ingawa uko huru kusali sala nyingine. Ni hatua fupi, ndiyo maana husahaulika. Mimi huisali palepale kaburini kabla ya kugeuka.

Novemba 2 yenyewe

Siku ya Kuwakumbuka Marehemu Wote kuna njia ya pili: kutembelea kanisa na kusali Baba Yetu na Nasadiki, pamoja na masharti yaleyale. Ukifanya yote mawili, kanisani na makaburini, rehema kamili bado ni moja. Siku hiyo kila padre anaweza kuadhimisha Misa tatu, ruhusa iliyotolewa na Papa Benedikto wa 15 mwaka 1915, wakati vita vilipokuwa vimejaza makaburi ya Ulaya. Hudhuria hata mbili kama unaweza.

Asiyeweza kutoka nyumbani

Mgonjwa, mzee au mtu aliyezuiwa kwa sababu ya haki amweleze padre muungamishi wake. Anaweza kumbadilishia tendo au sharti asiloliweza. Nimeandamana na padre kwa wagonjwa wengi, na sijaona sala za marehemu zenye nguvu kama za mtu anayesali akiwa kitandani.

Jihadhari

Rehema haiuzwi. Mwaka 1567 Papa Pio wa 5 alifuta rehema zote zilizohusisha malipo, na anayekudai fedha ili akupatie rehema anakudanganya. Tilia shaka pia vikaratasi vinavyoahidi kwamba sala fulani hutoa idadi kadhaa ya roho toharani kila unapoisali. Hata hesabu ya zamani ya siku na miaka ilifutwa na Papa Paulo wa 6 mwaka 1967. Sisi tunatoa rehema kama ombi. Mungu ndiye anayejua inamfikiaje marehemu.

Baada ya Novemba 8

Usifute majina. Mimi huandika tarehe pembeni ya kila jina nililoliombea, basi, jina linabaki. Yule mama naye aliniuliza kama amrudie mwanawe mwakani au ampishe mwingine. Nilimwambia hahitaji kusubiri mwakani: Rozari ikisaliwa kanisani au katika familia, Njia ya Msalaba, nusu saa ya kuabudu Ekaristi au ya kusoma Maandiko Matakatifu, zote zina rehema kamili siku yoyote kwa masharti yaleyale, na yoyote kati ya hizo unaweza kuitoa kwa marehemu. Ijumaa iliyofuata nilimkuta kwenye Njia ya Msalaba, kituo cha 13, pale Maria anapokabidhiwa mwili wa Mwanaye. Karatasi ilikuwa imekunjwa ndani ya kitabu chake cha sala.