Kabla hujawaingiza wanafunzi kwenye maabara ya kompyuta

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akikuletea jibu la 25 cm³, bado hujajua kama amefikiri au amebahatisha. Kwenye maabara ya kompyuta, yaani jaribio la kemia linalofanyika kwenye skrini, njia aliyopita inaonekana, mradi umejiandaa kuiona.

Swali ndilo la kuumiza kichwa. Mimi hutumia taitresheni (kumimina asidi kidogo kidogo mpaka rangi ibadilike) ya sodiamu kaboneti: 25 cm³ za 0.05 M (M ni moli kwa lita) kwenye chupa, asidi ya hidrokloriki ya 0.1 M kwenye bureti, ule mrija wenye vipimo. Moli moja ya kaboneti inataka moli mbili za asidi, kwa hiyo zitatumika 25 cm³. Aliyesahau ile mbili atakokotoa 12.5. Sasa mpe POP (fenolftaleini, kiashiria kinachobadili rangi): rangi ya waridi inapotea palepale kwenye 12.5, maana kaboneti imefika nusu ya safari tu, imekuwa haidrojenikaboneti. Kijana anashangilia, kumbe kosa lake limepigiwa muhuri! Kwa MO (methyl orange, kiashiria kingine) rangi inasubiri mpaka 25, naye analazimika kurudi kwenye mlinganyo. Mimi huanza na POP, makusudi kabisa.

Waandike makadirio kwa kalamu ya wino kabla ya kugusa kipanya. Kwenye skrini asidi haiishi wala chupa haivunjiki, kwa hiyo watamimina ovyo dakika za mwanzo, waache, wanazoea. Baada ya hapo ndipo uangalie. Anayeongeza 1 cm³ moja moja tangu sifuri hana makadirio kichwani. Anayeachia 20 kwa mkupuo, kisha tone kwa tone, anajua anakoelekea.

Kompyuta moja wakae wawili, na wabishane kwa Kiswahili hata kama ripoti wataandika kwa Kiingereza. Wakibishana, utasikia wanavyofikiri.

Hapa Tabora usitegemee bando siku ya kipindi. Programu za PhET, za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, zinapakuliwa na kufanya kazi bila intaneti. Pakua usiku wa kuamkia siku hiyo, na uchaji laptopu kabisa.

Bureti moja ya kweli iwe mezani. Nilikuwa na binti aliyepatia kila kitu kwenye skrini. Nilipomkabidhi bureti, akaisoma kuanzia chini kwenda juu, wakati sifuri yake iko juu.