Kabla ya Kupigwa Picha za Jukwaani, Lamu

Mteja wangu mmoja, mkufunzi wa uongozi, alishuka gatini kupigwa picha za kumtambulisha kama mzungumzaji, na suti tatu na saa ya kuazima. Nikamuuliza kama ndivyo avaavyo akihutubia. Akacheka. Kumbe jukwaani huvaa shati jepesi, mikono ameikunja hadi kwenye viwiko. Suti zikarudi bara zilivyokuja.

Kipimo changu ni hiki: mwandalizi wa kongamano ametumwa kukupokea uwanja wa ndege wa Manda, na picha yako anayo kwenye simu. Akikupita akaendelea kutafuta mtu mwingine, picha hiyo imekuharibia kazi hata ikiwa nzuri kiasi gani. Basi kabla hujamtafuta mpiga picha, andika sentensi moja: unazungumza na nani, juu ya nini. Anayezungumza na vijana wa sekondari na anayezungumza na mameneja wa benki hawahitaji sura moja.

Waulize pia wanaokualika wanataka picha za umbo gani. Ratiba huhitaji ya mraba, bango la ukumbini huhitaji pana yenye nafasi tupu upande mmoja ili maandishi yakae. Ukubwa usiupuuze. Karatasi ya A3 ikichapishwa vizuri hudai kama pikseli 3508 kwa 4961, na picha iliyorushwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida huwa imeshabanwa. Omba faili zenyewe.

Sasa jua, na hapa ndipo wageni wengi hukosea. Mji wa Lamu umeelekea kisiwa cha Manda, yaani mashariki. Ukitaka jua lizame baharini nyuma ya bega lako, umekosa mji. Huku huzama nyuma ya nyumba. Nuru nzuri ya barabara ya pwani ni ya alfajiri. Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na robo, kwa hiyo uwe umesimama mahali pako nusu saa kabla, umeshavaa, umeshakunywa chai. Ikifika saa tatu macho yanaanza kuwa mashimo ya kivuli. Hapo ingia vichochoroni. Kuta ndefu za mawe ya matumbawe hukinga jua, na ukuta uliopakwa chokaa hurudisha mwanga usoni taratibu. Kwangu mimi ni bora kuliko taa nyingi za studio. Jioni pwani huwa kivulini, nuru imetulia, inafaa kwa mwenye uso unaong'aa jasho.

Nimekosea na mimi. Nililala na kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi, nikatoka nayo alfajiri, lenzi ikajaa ukungu. Nilipomaliza kungoja ikauke, nuru niliyoamkia ilikuwa imekwisha. Siku hizi kamera hulala sebuleni, ndani ya mkoba.

Milango ya nakshi inavutia, najua. Lakini jiulize mlango ule unahusiana nini na unayoyasema. Aliyezaliwa mtaa wa Langoni hapa mjini akipigwa picha kwenye baraza ya kwao, picha inasema kweli. Aliyekuja kwa wikendi, anayefundisha hesabu za kodi, punda akipita nyuma yake watu watamkumbuka punda. Na mlango ni wa nyumba ya mtu: piga hodi, omba ruhusa, ukikataliwa shukuru uende.

Picha ya kuzungumza ipatikane ukizungumza. Alika watu sita au saba, wakae, uwape dakika kumi za mada yako halisi. Kipaza sauti kisichounganishwa popote huonekana tu, vidole hukishika kama ua. Mwambie mpiga picha atumie kasi ya 1/250 ya sekunde au zaidi, la sivyo mkono unaoeleza utatoka umefifia kama moshi. Kwa uso, lenzi ya milimita 85 ni salama. Ya 35 ikisogezwa karibu huirefusha pua. Hao waliokaa kukusikiliza waambie mapema picha zitatumikaje. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inagusa picha za watu wanaotambulika, ila adabu ya hapa ilitangulia: akina mama hawapigwi picha kwa kuviziwa, na karibu na msikiti wakati wa sala kamera hufungwa.

Kanzu nyeupe juani hupoteza mikunjo yote isipopunguziwa mwanga. Kofia ya viua nayo hupoteza kazi yake ya mkono. Shati la mistari myembamba sana hucheza kwenye skrini. Upepo wa kusi ukivuma, mtandio utake pini.

Kuhusu kusafisha picha, kanuni yangu ni fupi: chunusi itoke, maana wiki ijayo haipo. Kovu na mvi zibaki.

Mkataba uandikwe: picha ngapi, lini, nani anaruhusiwa kuzitumia na wapi.

Na kama mmepanga kupigia picha kijiji cha Shela, angalieni maji kwanza. Siku za bamvua, maji yanapojaa kuliko kawaida, hufunika mahali pengine pa njia ya ufukweni, na kutembea na viatu vya jukwaani mkononi si mwanzo mzuri wa kazi. Boti iagizwe jana yake. Nahodha wa saa kumi na moja alfajiri hapatikani kwa kupunga mkono gatini.