Ukitaka utendaji wa kijiji, jifunze kuandika muhtasari

Vijana wanaoniuliza namna ya kuingia serikali za mitaa wengi wao wanaifikiria ofisi ya mkurugenzi, makao makuu ya halmashauri, kwenye viyoyozi na magari. Mimi huwaelekeza kijijini. Nilianza kama Mtendaji wa Kijiji mkoani Singida na sasa ni Mtendaji wa Kata. Kazi ninazozifanya leo nilizijifunza huko chini, mbele ya wananchi wanaokujua kwa jina na wanaojua unakopanga.

Matangazo ya nafasi ya Mtendaji wa Kijiji daraja la tatu huhitaji kidato cha nne au cha sita pamoja na astashahada ya utawala, sheria, maendeleo ya jamii, usimamizi wa fedha au fani zinazofanana nazo. Chuo kinachotajwa kwa jina kwenye matangazo hayo ni Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, Dodoma, ingawa vyeti vya vyuo vingine vinavyotambuliwa na Serikali navyo hupokelewa. Kama hujachagua chuo na moyo wako uko huku, nenda Hombolo. Utasoma na watu utakaokuja kufanya nao kazi.

Maombi hupitia mfumo wa Ajira Portal wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Hapa wengi huachwa kwa mambo madogo. Hati ya matokeo haichukui nafasi ya cheti. Barua ya maombi isiyo na sahihi haitakufikisha mbali. Majina yako kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha taifa (NIDA) yalingane, na kama hayalingani anza kurekebisha sasa, kabla tangazo halijatoka.

Kwa usaili, isome Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 mpaka uweze kumweleza mama yako nani ni nani kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa watu wazima wote wa kijiji. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25. Mwenyekiti amechaguliwa na wananchi. Wewe umeajiriwa, ni mtendaji mkuu wa serikali ya kijiji na katibu wa vikao vyake, na unawajibika kwa Mtendaji wa Kata. Ukipangiwa mjini utafanya kazi kwenye mtaa, chini ya Sheria Na. 8 ya mwaka huohuo.

Ukishapata barua ya ajira na kuripoti, usianze na amri. Nenda kwa mwenyekiti nyumbani kwake, jitambulishe, kisha mwombe akupeleke kwa wenyeviti wa vitongoji, walimu wakuu, mganga wa zahanati, afisa ugani, wazee na viongozi wa dini. Mwenyekiti anaweza kuwa na umri wa baba yako na asiwe na cheti chochote, lakini ndiye anayejua ni koo zipi hazisalimiani na shamba lipi lina kesi. Mwite mzee au mama, msikilize, na bado usisaini kitu ambacho kikao hakijakipitisha. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila shida.

Sasa nije kwenye daftari la mihtasari, yaani kumbukumbu za vikao, maana hapa ndipo mtendaji mzuri anapojulikana.

Andika tarehe, mahali, majina ya waliohudhuria na sahihi zao, wasiokuwepo na sababu. Fuata agenda. Usiandike maneno yote ya kila msemaji, andika hoja na azimio. Azimio liwe na mtu na muda. "Boma la madarasa likamilishwe" si azimio, hakuna wa kuulizwa. Andika: "Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi apate bei ya mabati kwa maduka matatu na kuileta kikao kijacho." Kikao kijacho kikianza, yatokanayo, yaani ufuatiliaji wa maazimio ya kikao kilichopita, yanamkuta mwenyewe amekaa palepale. Muhtasari usomwe kwa sauti na kuthibitishwa na kikao kabla hujausaini wewe na mwenyekiti.

Nasisitiza kwa sababu ya ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Siku atakapokuja mtu na karatasi akidai alipewa ekari zake na kijiji, na mjane analima hapohapo, watu watageukia ofisi yako. Muhtasari wa mkutano huo, wenye mahudhurio kamili, ndio utakaomlinda yule mama. Muhtasari huo ukikosekana, mwenye sauti kubwa atashinda.

Mkutano mkuu uitishwe kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe. Ibandike pia kwenye ubao wa matangazo. Kijiji kinachosomewa hesabu huchangia. Nimeona watu wakibeba mawe na mchanga wa zahanati bila mgambo kupita milangoni, kwa sababu walijua mchango uliopita ulinunua nini. Fedha inayokusanywa kwa mashine ya POS, ile ya kukusanyia mapato na kutoa stakabadhi, ipelekwe benki kwa wakati, isilale nyumbani kwako hata kama mtoto anaumwa. Na ukikuta mahali wamezoea kutoza asilimia kumi ya bei ya shamba ili viongozi washuhudie mauziano, usishike fedha hiyo. Isiyo na stakabadhi ya serikali haina maelezo utakayompa mkaguzi, na muuzaji ni mtu maskini anayeuza kwa shida.

Kuhusu kupanda, muda wa majaribio ni miezi 12, kisha unathibitishwa kazini. Jaza kazi zako kwenye PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa OPRAS, wiki kwa wiki, wala usingoje mwisho wa mwaka wa fedha mwezi Juni. Utendaji wa kata kwa kawaida huhitaji shahada. Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani, na Mzumbe kinafundisha utawala wa umma. Kabla ya kuanza omba ruhusa ya mwajiri kwa maandishi, uingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Niliwahi kumwona mwenzangu akirudi na shahada yake akakwama kubadilishiwa kada kwa sababu jalada lake halikuwa na barua hiyo.

Uhamisho utakuja, mara nyingi kwa ghafla. Usiondoke kabla ya makabidhiano ya maandishi mbele ya mwenyekiti na Mtendaji wa Kata: mihuri, madaftari ya mihtasari, rejista ya wakaazi, rejista ya ardhi, vitabu vya stakabadhi vilivyotumika na visivyotumika, mashine ya POS, salio la benki la siku hiyo, na kesi zinazoendelea. Saini nyote. Nakala moja ibaki kijijini, moja iende kata, na moja uende nayo.